Nililipia Programu, Leo Hata pa Kuipakua Hakuna

Mashine yangu ya kudarizi ina sindano 12 na haijui kwamba programu inayoilisha "imefikia mwisho wa maisha". Kila asubuhi naiwasha hapa Mwanjelwa, inanguruma kidogo, inashusha sindano na kuanza kazi kama siku niliyoinunua. Iliyokufa ni laptopu iliyokuwa pembeni yake. Tena ilichagua kufa mwezi Juni, mwezi ambao mtu wa sweta za shule Mbeya haruhusiwi hata kuugua mafua.

Kwa wasioijua Mbeya: tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huku haina utani. Miezi hiyo hiyo ndiyo wanafunzi waliopangiwa kidato cha tano wanajiandaa kuripoti. Mabasi yanashusha watoto wa Tanga na Dar es Salaam wamevaa fulana, wamejikunyata kama vifaranga vilivyolowa mvua. Shule inataka sweta, sweta inataka nembo, na nembo zote hizo zinapita mezani kwangu.

Diski ilianza kulia tik-tik siku ya Jumatatu. Jumanne ikanyamaza. Fundi wangu wa Kabwe akaichomoa, akaiweka sikioni, akaitikisa. "Mama, hapa huna diski. Una jiwe." Akafunga nyingine, akapiga windo, Windows 7 ile ile, kwa sababu programu yangu ya kudarizi na ule ufunguo wake wa USB, kidude cha kuchomeka ambacho bila hicho haifunguki, havisikii la mtu kwenye Windows nyingine. Kisha akaninyooshea mkono: "Haya, lete programu yenyewe niweke."

Nikamwambia sina, lakini naipata sasa hivi. Nilikuwa na anwani ya ukurasa wa kupakulia kwenye daftari, nimeiandika kwa kalamu, pamoja na namba ya leseni na risiti imebanwa hapo kwa pini. Nikafungua ile anwani. Ikanipeleka kwa picha ya mwanamke anayecheka na laptopu mpya kabisa, na maneno ya kunikaribisha kwenye toleo jipya, kwa malipo ya kila mwezi, kwa dola. Toleo langu halikuwepo. Hata jina lake halikutajwa popote, kama marehemu mwenye madeni.

Nikawaandikia. Walijibu kwa adabu, sina ugomvi na adabu yao. Walisema toleo hilo halihudumiwi tena, limeondolewa kwa ajili ya usalama wa wateja, na kwa kuwa mimi ni mteja wa siku nyingi nitapunguziwa bei ya jipya. Jipya linataka Windows mpya, Windows mpya inataka laptopu mpya, na ufunguo wangu wa USB, ambao ndio uthibitisho kwamba nililipa, halitaki hata kuuona.

Hapo ndipo vijana huwa wanasema, "Si una nembo zako kwenye flashi?" Ninazo. Ngoja nieleze kwa nini hazitoshi, maana watu wengi wanadhani faili ni faili.

Faili ninaloipa mashine ni la aina ya DST, na karibu kila mashine ya kudarizi ya biashara inalisoma. Ndani yake hamna picha ya nembo. Kuna mwendo wa fremu peke yake: sogea kiasi hiki kulia, kiasi hiki juu, choma, sogea, choma, simama, badili uzi. Vipimo vyake ni sehemu za kumi za milimita. Hata rangi halizijui: linajua tu kwamba hapa unabadilisha uzi, uzi gani ni shauri lako. Lile faili lingine, la kazi, ambalo programu yenyewe ndiyo inalifungua, ndilo linalojua kwamba huu ni mwali wa mwenge, hiki ni kitabu, hizi ni herufi. Ukilipunguza ukubwa linapiga hesabu upya na kupunguza mishono.

Sasa mwalimu mkuu mmoja alikuwa ameagiza nembo ileile niliyomwekea kwenye majaketi, sentimita 9, lakini kwenye sweta anataka sentimita 7. Kwa programu yangu hiyo ni kazi ya dakika tano. Bila programu, nilimpunguzia DST moja kwa moja kwenye mashine. Mishono ni ileile, ila imebanwa kwenye eneo ambalo halifiki hata theluthi mbili za lile la kwanza. Uzi ukakatika. Nikafunga mwingine, ukakatika. Kwenye mwali wa mwenge sindano ikapiga juu ya uzi uliokwisha rundikana, ikavunjika, kipande kikaruka hadi kwenye kikombe cha chai. Nembo ilipotoka ilikuwa ngumu kama kipande cha ubao. Ungeweza kugongea hodi.

Nikaingia mtaani. Mtaani kwenye intaneti, nina maana. Nilitafuta jina la programu na namba ya toleo, nikakuta tovuti tele zinazodai wanalo. Ukurasa mmoja ulikuwa na vitufe vitano vya kijani vyote vimeandikwa "pakua", na sidhani kama hata kimoja kilikuwa kinasema kweli. Niliposhusha nilichodhani ndicho, bando likaenda, na nilichopata ni kile kirusi kinachojulikana na kila mwenye stationari nchi hii: kinaficha mafaili yako kwenye flashi na kukuachia njia za mkato, ukibonyeza moja kinahamia kompyuta inayofuata. Nembo za shule kumi na kitu zikapotea machoni. Fundi alizirudisha, ila alinitazama kwa muda kabla hajaanza.

Hapa ndipo ninapogombana na ile barua. Waliondoa toleo kwa usalama wangu. Laptopu yangu ya kudarizi haijawahi kugusa intaneti. Inabeba nembo kwa flashi, mchana kutwa, basi. Toleo lililotoka kwao lenyewe, hata kama ni kuukuu, lingeingia safi na kukaa safi. Walichofanya ni kufunga duka lenye bidhaa halisi na kunisukuma kichochoroni kwa wauza feki. Na kuna kingine kinachoondoka na lile faili ambacho watu hawakifikirii: kipimo cha kujua halisi ni lipi. Kampuni makini huchapisha pembeni ya faili mlolongo mrefu wa herufi na namba, alama ya SHA-256, ili ukishapakua ulinganishe uone kama kuna mtu amelichezea. Ukurasa ukifutwa, alama nayo inafutwa. Mtu akinipa nakala leo, naikagua kwa nini? Kwa uso wake?

Nakubali kampuni haiwezi kuhudumia kila toleo milele. Microsoft ilitangaza tarehe, ikaifikia, na tarehe 14 Januari 2020 ikaacha kuihudumia Windows 7. Hilo ni haki yao. Fundi cherehani anaweza kukwambia hakarabati tena mashine za mfano ule, hana vipuri. Lakini haji nyumbani kwako kuibeba. Watu wa programu wanachanganya mambo haya mawili makusudi: kuacha kutengeneza na kuondoa kabisa. Barua ya kwangu ilianza na la kwanza ikamaliza na la pili ndani ya sentensi moja, kana kwamba moja linazaa jingine.

Kuna nyakati sababu ni ya kweli. Agosti 2020 Microsoft hiyo hiyo iliondoa kwenye kituo chake cha upakuaji mafaili ya Windows yaliyotiwa saini kwa SHA-1, njia ya zamani ya kutengeneza alama kama hizo, ambayo mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kutengenezwa yakatoa alama moja. Saini ya namna hiyo siyo saini tena. Lakini hata hapo naona dawa ilikuwa kutia saini upya, au kuweka bango kubwa jekundu mlangoni, kuliko kuubomoa mlango. Na wakati mwingine kampuni imefungwa mikono na mikataba: ndani ya programu mna vipande vya watu wengine, mkataba ukiisha hawaruhusiwi kuigawa. Sawa. Basi waseme hivyo, wasitwambie habari za usalama.

Adobe, kampuni ya Photoshop, imeonyesha sura zote mbili. Mwanzoni mwa 2013, baada ya kuzima seva iliyothibitisha leseni za CS2, programu zake za mwaka 2005, iliweka nakala zisizohitaji seva hiyo ili waliokwisha nunua wasikwame. Uungwana. Mei 2019 kampuni hiyo hiyo ikawaandikia baadhi ya wateja wake wa Creative Cloud kwamba hawana tena ruhusa ya kutumia matoleo fulani ya zamani, na wakiendelea wanaweza kudaiwa na watu wengine. Fikiria unalipa kila mwezi, halafu unaambiwa ulichokizoea kinaweza kukupeleka mahakamani.

Na wanaosema kutunza matoleo ya zamani ni mzigo, sijui mzigo gani. Mozilla wanaacha wazi matoleo ya Firefox ya miaka na miaka, pamoja na onyo kwamba ya zamani yana matundu. VLC, wale wa programu ya kuchezea video, wana ghala lao. Debian, wale wa mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, wana ghala la matoleo yaliyostaafu, yamelala hapo kama mahindi darini, anayeyahitaji anapanda ngazi. Programu yangu nzima inaenea kwenye flashi ya bei ya chini kabisa dukani. Kampuni yenye seva nchi kadhaa inashindwa na kitu ninachokitundika kwenye funguo za nyumba?

Ninachokiona mimi ni kwamba toleo la zamani linaloendelea kufanya kazi ni mshindani wa toleo jipya, na mshindani asiye na bei hashindwi kirahisi. Inanipasa nilisahau ili nilipe tena.

Iliyoniokoa ni CD. Kaka mmoja wa Iringa, mwenye mashine kama yangu pale Mshindo, alinunua mwaka mmoja na mimi na hakuwahi kutupa hata mfuko wa nailoni uliokuja na mashine. Nilikuwa namcheka kwa hilo. Aliiweka CD katikati ya daftari, akalifunga kwa gazeti, akalikabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi. Jioni nikaenda stendi ya Nane Nane kuchukua. Laptopu yangu haina pa kuingizia CD, kwa hiyo tukazunguka na fundi hadi tukapata stationari yenye kompyuta ya mezani ya zamani iliyokuwa imefunikwa kitambaa. Trei ilitoka kwa kusuasua, ikaimeza, ikazunguka kwa kelele. Mimi nimesimama nyuma na mfuko wa maandazi kama mtu aliyepeleka mgonjwa. Usiku ule nilipunguza nembo ya mwalimu kwa dakika tano, kama kawaida.

Kosa langu nalitaja mwenyewe kabla halijatajwa: nilikuwa na miaka ya kuhifadhi lile faili na sikuhifadhi. Nilihifadhi anwani ya mahali lilipo, nikidhani ni kitu kilekile. Sasa nina kopo la biskuti. Ndani mna faili la kuwekea programu, draiva za ufunguo na za printa, nakala ya Windows yenyewe, kwenye flashi mbili tofauti, pamoja na karatasi niliyoandika alama ya SHA-256 ya kila faili ili mwenzangu akinakili aweze kulinganisha. Jioni najifunza Ink/Stitch, programu huria ya kudarizi inayokaa ndani ya Inkscape, programu ya kuchorea. Inatoa DST, na matoleo yake ya nyuma yamewekwa wazi. Sijaizoea, herufi zake kwangu bado zinatoka kama zimeandikwa kwenye basi la Makete. Lakini hakuna wa kuniamkia asubuhi na kuniambia imeondolewa.

Kuhusu kugawa nakala, mkataba wa leseni ni kurasa nyingi za Kiingereza na mimi si mwanasheria. Najua tu kwamba bila ufunguo wa USB programu haifunguki, kwa hiyo asiyenunua simpi chochote.

Sweta zilifika shuleni siku moja kabla ya wanafunzi, isipokuwa ile ya kwanza, ya ubao, ambayo mwalimu aliiona mezani akaigonga kwa kidole. "Mama, hii ya walinzi?" Nimeitundika ukutani.

Jana amenipigia dada mmoja wa Makambako. "Shikamoo dada, nasikia ile programu unayo? Laptopu yangu imeanza kulia tik-tik." Nikamuuliza kama ufunguo anao. Anao. Nikamwambia asiizime, anakili nembo zake zote usiku huo huo, kisha aje na flashi mpya, ya dukani, ambayo haijawahi kuingia stationari ya mtu.