Ilikuwa Sufuria, Si Bakuli

Nianze na masahihisho. Ile sauti ya dakika tatu ambayo Shemeji ameirusha kwenye grupu la Waswahili wa Reading, na ambayo mama mdogo yuko Mbagala lakini ameshaisikia, ina makosa mawili. Sikupiga magoti. Na sikula kwenye bakuli. Nilikula kwenye sahani, tena nimepakua mwenyewe kutoka kwenye sufuria. Heshima yangu yote iliyobaki imekaa hapo katikati ya sufuria na bakuli, naomba msiiguse.

Haya, sogeeni.

Mnajua nafanya kazi ghalani hapa Reading, Uingereza, zamu ya usiku. Pale kuna mzee wa Kiingereza mwenye ndevu mpaka kifuani, mimi namwita Mzee Ndevu. Siku moja wakati wa chai akaniuliza natoka Dar sehemu gani. Nikasema Sinza, kwa Remmy. Nimesema vile vile ambavyo ningemwambia konda. Mzee akatua kikombe mezani. "Remmy Ongala?" Kumbe ana santuri ya huyo mwanamuziki wetu, Dokta Remmy, nyumbani, Songs for the Poor Man ya 1989, iliyotolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel. Akaanza kunisimulia habari za Super Matimila, bendi ya Remmy, mimi mtoto wa Sinza! Nikavimba kichwa kana kwamba gitaa nilipiga mimi.

Ndipo akauliza: na bendi ya zamani ya Gabriel, Genesis, unaipenda? Wadau, mzee ametoka kumsifu jirani yenu, macho yanamng'aa, wewe unamjibuje hapana? Nikasema, "Genesis? Nimekua nao." Nilichokua nacho ni Phil Collins wa redioni usiku, na hata zile zilikuwa nyimbo zake binafsi, si za bendi. Hilo nilikuja kulijua baadaye, mbele za watu.

Akanialika. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi wazee wanne hukutana kwa mmoja wao, wanasikiliza Genesis na kugombana. Saa moja na nusu jioni. Sasa mtu wa kwetu ukialikwa nyumbani kwa watu saa moja na nusu jioni, unaelewa nini? Nikaacha nafasi. Tangu chai ya asubuhi sikutia kitu kinywani.

Nilipofika, mke wa mwenye nyumba alikuwa anatoka, koti mkononi. Akamwambia mumewe maneno ya haraka pale mlangoni. Nilichodaka ni kwamba cha Rael kiko jikoni. Nikahesabu: wapo wanne, mimi wa tano, huyo Rael atakuwa wa sita, amechelewa. Sebuleni santuri zimepanda ukutani kutoka sakafuni mpaka darini. Chini ya meza ya mitambo amelala mbwa mzee, rangi ya mchanga, amechoka kama mstaafu anayefuatilia mafao. Hakuna aliyenitambulisha kwake. Nasisitiza hilo. Watu wote nilitambulishwa, mbwa hapana.

Ugomvi ulikuwa umeshaanza. Kwa Mzee Ndevu, Genesis ilizikwa 1975, Gabriel alipoondoka. Anakumbusha jinsi Gabriel alivyotokea jukwaani Dublin mwaka 1972 amevaa gauni jekundu la mkewe na kichwa cha mbweha, wenzake hawana habari, wamekodoa macho kama mashabiki tu. Mwingine, namwita Kipara, ni wa Collins. Anasema hao vijana walisaka mwimbaji mpya, wakajaribu huyu na yule, mwisho wakamgeukia mpiga ngoma wao, huyo huyo Collins, na mpiga ngoma huyo akawafikisha Wembley siku nne mwaka 1987. Halafu akatia msumari: hizo santuri unazozililia wewe Ndevu, tangu 1970 ngoma anapiga nani? Ndevu akanywa maji.

Wa tatu, Miwani, mpole, sauti ya chini, ndiye hatari zaidi. Yeye anashikilia ule muda mfupi baina ya Gabriel kuondoka na mpiga gitaa Steve Hackett kuondoka, 1976 na 1977, basi. Hackett alipotoka, albamu ya 1978 wenyewe waliipa jina la kusema wamebaki watatu, na Miwani anaona ule ulikuwa tangazo la msiba. Ipo pia enzi ya mwimbaji Ray Wilson, albamu moja tu, ya 1997. Ikitajwa wote wanatazama zulia, kama ukoo ukisikia jina la mjomba aliyeuza kiwanja.

Kusema kweli nilijisikia nyumbani. Nimelelewa na baba anayeweza kukesha akitenganisha NUTA na JUWATA na OTTU, kana kwamba si bendi ile ile ya Msondo, na siku mwimbaji Gurumo alipohamia bendi ya Sikinde anaisimulia kama talaka. Lugha tu ndiyo ilikuwa ngeni.

Wakanigeukia. Mgeni upo upande gani? Nikajikohoza, nikasema mimi binafsi nilivutiwa sana na kipindi cha Another Day in Paradise.

Kimya. Kipara, mtu wa Collins mwenyewe, akaniambia taratibu, kama daktari anayetoa majibu, kwamba ule si wimbo wa Genesis.

Nikaokolewa na Dokta Remmy. Nikauliza: Gabriel asingeacha bendi, tungepata tamasha la WOMAD? Tungepata Real World? Remmy angerekodi huku? Ndevu akaruka kutoka kwenye kochi. Akaeleza jinsi WOMAD ya kwanza, 1982 kule Shepton Mallet, ngoma za Burundi zilivyotikisa watu huku hesabu zikilala chini, Gabriel akabaki na madeni, na wenzake wa zamani wakarudi kupiga naye usiku mmoja Milton Keynes kumchangia. Mvua ilinyesha, Gabriel akaingizwa jukwaani ndani ya jeneza. Ndevu alikuwepo, aliloa mpaka soksi. Hapo nikapewa heshima yangu na biskuti moja. Moja, ndugu zangu. Tumbo likaitikia kwa sauti.

Sasa tuingie kwenye maafa.

Mwenye nyumba akainuka, akachomoa santuri yenye picha ya mbweha aliyevaa gauni jekundu, Foxtrot, akaipangusa kwa kitambaa kama anamfuta mtoto uso. Akatutazama, akatangaza: "Supper's Ready."

Yaani chakula cha jioni tayari.

Wote wakanyamaza. Wakaegemea. Wakafumba macho, mikono mapajani. Gitaa peke yake likaanza, taratibu, zuri. Nikasema moyoni hawa watu wana adabu, wanaombea chakula. Nikainamisha kichwa. Nikaomba na mimi, kwa dhati.

Gitaa likaisha. Nikasema amina, kidogo kidogo. Hakuna aliyefumbua macho. Ukaanza wimbo mwingine, mtu anaimba kwa upole. Nikangoja. Nikawaza, labda kwa wazungu mgeni ndiye anayetangulia kujihudumia. Nikainuka, nikakatiza sebule kwa ncha za vidole kuelekea jikoni.

Nije niwaambie nilichoambiwa baadaye: Supper's Ready ni jina la wimbo, na wimbo ule unaanza na mtu anayekatiza sebuleni kwake kwenda kuzima televisheni. Mimi nimenyanyuka kwenye neno lile lile. Ndevu alifumbua jicho moja, akaniona natembea na mstari wa kwanza, chozi likamlenga. Alidhani naufuatisha.

Jikoni, sufuria moja juu ya jiko. Kikaratasi kwenye mfuniko: RAEL, SAA MBILI. Nikafunua. Wali na kuku.

Wali! Na kuku! Nikaguswa. Wamejua mgeni ni Mtanzania, wamejitahidi. Nikaonja. Hauna chumvi. Hauna kitunguu, hauna mafuta, hauna hata harufu ya kitunguu kupita mtaa wa pili. Wali umerojeka, kuku amechambuliwa nyuzinyuzi, hana mfupa. Ishara zote zilikuwepo, msinikumbushe. Mimi nilichofikiri ni kwamba Waingereza ndivyo wapikavyo. Nikatia chumvi. Kisha nikatoa kichupa changu cha pilipili ya ndimu, nisichotoka nacho mbali katika nchi hii, na kwa kumhurumia huyo Bwana Rael atakayekuja kula chakula kimepooza vile, nikaimimina kwenye sufuria yote. Nikakoroga vizuri. Nikapakua nusu, nikamwachia nusu. Nilimwachia na minofu mizuri, kwa sababu nimelelewa.

Nikarudi sebuleni na sahani yangu. Wimbo bado. Wale bado macho yamefumbwa. Nikakaa, nikaanza kula.

Mbwa akainua kichwa.

Pua kwanza. Ikacheza mara mbili. Kisha sikio moja. Kisha akajikusanya, miguu ya mbele, miguu ya nyuma, akaja akaketi mbele yangu, uso wake na uso wangu baina yake kijiko. Hakubweka. Alinitazama tu, jinsi mwenye nyumba wa Sinza anavyomtazama mpangaji tarehe tano. Nikamwambia kwa midomo, toka. Mate yakamdondoka, tone moja, refu, likatua kwenye kiatu changu.

Muziki nao ukachacha. Kinanda kikaenda wazimu, mapigo tisa tisa, hayatabiriki, na mimi nilikuwa natafuna, nikajikuta natafuna kwa mapigo tisa. Mbwa akalia. Kilio chembamba cha yatima. Nikaongeza kasi. Akabweka.

Mwenye nyumba akafumbua macho. Akaona mbwa. Akafuata macho ya mbwa mpaka kwenye sahani. Akafuata mkono wangu kutoka sahani mpaka mdomoni.

Mimi, mdomo umejaa, nikanyanyua kidole gumba. Nikasema asante sana, kuku mtamu, ila walisahau chumvi, nimerekebisha. Na Bwana Rael asiwe na wasiwasi, nimemwachia nusu.

Yule mzee akanyoosha mkono, akainua sindano.

Mnaelewa? Wimbo ule una kama dakika 23, sehemu saba. Kwa maelezo ya Miwani, tangu waanze kukutana hakuna aliyewahi kuukatisha kabla haujafika mwisho. Mke wa Kipara alishapiga simu akiwa na uchungu wa kujifungua, Kipara akangoja. Sindano iliponyanyuka Mzee Ndevu alitoa sauti ambayo mara ya mwisho niliisikia msibani.

Katika ukimya ule mwenye nyumba akasema, si kwangu, chini: "Rael."

Na mbwa akatikisa mkia.

Nilikuwa bado sijameza. Naomba mlifikirie hilo. Huwezi kutema, ni nyumba ya watu. Huwezi kumeza, sasa unajua. Nikabaki na mashavu yamejaa, wazee wanne wananitazama, mwenye chakula chake ananitazama. Nikameza. Kilishuka polepole na sauti yake ikasikika, kwa sababu muziki ulikuwa umezimwa.

Rael ni jina la yule kijana wa kwenye albamu ya mwisho ya Gabriel na bendi, ya 1974. Mashabiki wote wanajua. Mimi niliyekua nao sikujua.

Kumbe mbwa alikuwa anaumwa tumbo tangu Jumatano, na ndicho alichoandikiwa, wali na kuku wa kuchemsha, bila chumvi, bila viungo. Hapo ndipo nilipokumbuka ile nusu nyingine jikoni. Nikasema, samahani wazee, ile iliyobaki asipewe. Kwa nini? Nikatoa kichupa mfukoni, nikawaonyesha.

Mengine mafupi. Kuku mwingine alichemshwa, nilichemsha mimi. Chakula chenyewe cha wageni kilikuwa jibini na biskuti, saa nne. Wimbo ulirudiwa tangu mwanzo, nikapigwa marufuku kuinuka. Usiku nikampigia Shemeji kumuuliza kama pilipili inadhuru mbwa, kwa siri kabisa, na asubuhi mama mdogo ananipigia kuuliza kama huku njaa imefikia hapo.

Ndevu amenitumia ujumbe. Mwezi ujao ni zamu ya ile ya 1974, santuri mbili, pande nne, jina la Rael linatajwa humo, na kila likitajwa mbwa huja kuangalia kuna nini. Nakwenda. Nitakula nyumbani.