"Moja mara mbili" haitoshi kwa dawa ya maumivu

Kibahasha cha dawa kinaandikwa kwa kalamu: 1 x 2, yaani kimoja mara mbili kwa siku, bila maelezo mengine. Mgonjwa anakipokea dirishani, anaitwa anayefuata. Kwa paracetamol ya siku tatu sina ugomvi sana. Kwa tramadol, dawa kali ya maumivu, naona ni hatari, na inaniuma kwamba tumeizoea.

Tramadol hufanya kazi kwenye ubongo, na kizunguzungu ni miongoni mwa madhara yake ya kawaida kabisa. Jambo hilo limeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, ambayo mgonjwa haioni kwa sababu kapsuli zake zimekatwa kwa mkasi na kuhesabiwa.

Mfikirie bibi mwenye magoti mabovu, anayemeza dawa ya presha kila asubuhi. Saa nane usiku anaamka kwenda chooni. Akisimama, damu inashuka miguuni. Kwa kawaida mishipa hujikaza na moyo kuongeza kasi, presha ikabaki pale pale. Dawa hiyo ya presha na tramadol zikikutana mwilini, mwitikio huo unachelewa. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3 za kusimama, hapo tayari kuna tatizo: macho yanaingia giza, bibi yuko sakafuni na nyonga imevunjika. Asubuhi majirani watasema ni uzee.

Angeambiwa tu akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndipo anyanyuke huku ameshika kitu! Angeulizwa anatumia dawa gani nyingine, maana ya usingizi, ya mzio inayoleta usingizi, amitriptyline (dawa ya sonona inayotolewa pia kwa maumivu ya neva), na pombe pia, zote huzidisha hatari.

Tena miili haifanani. Ini ndilo huigeuza tramadol kuwa kali zaidi, na wapo ambao ini lao huifanya kazi hiyo upesi mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta karibu Waethiopia 29 kati ya 100 wana nakala za ziada za jeni inayohusika. Kwa hiyo mgonjwa akirudi kulalamika kwamba kidonge kimoja kimemlevya, asiambiwe anadeka. Dozi yake iangaliwe upya.

Nyumbani nako tuache kumnywesha soda mtu aliyezimia. Mlaze, mnyanyue miguu, asinyweshwe chochote mpaka fahamu zirudi sawasawa. Akipumua polepole mno, asipoamka, au akipata degedege, ni hospitali saa hiyo hiyo, na pakiti ya dawa mkononi.

Kwa wanaotumia dawa nyingine za maumivu, diclofenac au ibuprofen, kizunguzungu kinaweza kuwa na asili nyingine kabisa: kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Muulizeni mgonjwa rangi ya choo chake, hata kama anaona aibu. Kikiwa cheusi na cha kunata kama lami, msingoje kesho.