Samaki asiye na magamba na kisu cha mchinjaji: sheria za chakula katika imani za Kanda ya Ziwa

Katika masoko ya samaki ya Mwanza, kambale na kamongo huuzwa karibu kabisa na sato na sangara, na wapo wateja wanaozipita meza hizo bila hata kuuliza bei. Mwadventista Msabato anazipita kwa sababu Walawi 11 inaruhusu kuliwa kwa viumbe wa majini wenye mapezi na magamba tu. Mshia Ithnaasheria naye anazipita, kwa kuwa fiqhi, yaani sheria ya dini, ya madhehebu yake haimruhusu samaki asiye na magamba. Mkatoliki na Mwislamu wa Kisuni wananunua, tena wa pili akiwa na Aya ya 96 ya Sura ya Tano ya Qurani inayohalalisha mavuvi ya majini. Hawa wote wanamwamini Mungu mmoja na wote wanamtii kwa dhati, lakini mbele ya samaki yuleyule wametofautiana. Je, sheria hizi zinamfunga muumini wa leo, au zilikuwa na watu wake na wakati wake?

Watetezi wengi wa sheria hizi huanza na afya, na hapo ndipo hoja yao inapokuwa dhaifu kuliko wanavyodhani. Mfano unaotajwa mara nyingi ni kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, na tegu wa nguruwe, ugonjwa ambao upo kweli nchini Tanzania na ambao ukifika kwenye ubongo huleta kifafa. Hata hivyo, anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva hupata tegu tumboni, ilhali kifafa hutokana na kumeza mayai ya tegu yanayotoka katika kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo huo, kwa njia ya maji, mboga au mikono michafu. Hivyo hata mtu ambaye hajagusa kitimoto maisha yake yote anaweza kuugua. Ng'ombe naye, ambaye ni halali kwa wote, ana tegu wake, na mizoga yake imewahi kuua watu kwa kimeta. Kama sababu ya katazo ingekuwa ugonjwa, daktari wa mifugo na mhuri wake machinjioni wangekuwa wamelimaliza jambo hili zamani.

Waadventista wana ushahidi wao, na haki ni kuutaja. Ellen White, mmoja wa waanzilishi wao, alianza kufundisha juu ya matengenezo ya afya mwaka 1863, mwaka uleule Kanisa lao liliposimikwa rasmi nchini Marekani, na tafiti zilizofanywa kwa Waadventista wa California zimeonyesha kuwa wanaishi miaka mingi zaidi ya majirani zao. Lakini watu hao hawavuti sigara, wengi wao hawanywi pombe, na sehemu kubwa hawali nyama kabisa. Tafiti hizo zinasifu maisha ya kiasi, wala hazimhukumu kambale.

Naona ni heshima zaidi kwa muumini kusema wazi kwamba anatii kwa sababu Mungu amesema. Walawi 11 yenyewe haitaji ugonjwa hata mara moja. Sababu inayotolewa mwishoni mwa sura ni utakatifu, kwamba watu wawe watakatifu kwa kuwa Mungu wao ni mtakatifu. Qurani nayo, baada ya kuharamisha nyamafu, damu, nyama ya nguruwe na kilichochinjwa kwa jina lisilokuwa la Mwenyezi Mungu, inamwondolea dhambi aliyebanwa na dharura bila kukusudia kuasi. Ruhusa hiyo inatufundisha jambo kubwa: Mwenye kutoa amri ndiye anayejua mipaka yake, na uhai wa mja wake umo ndani ya mipaka hiyo.

Tukikubali kwamba msingi ni amri, tunakutana na kazi ya kuifasiri, na hapa kamongo anastahili kutazamwa kwa karibu. Ukimshika kamongo mbichi, mkono unateleza kwenye ute mzito na huoni gamba hata moja, ndiyo maana wengi humweka kundi moja na kambale. Kwa kweli kamongo ana magamba madogo, yaliyozama ndani ya ngozi. Je, huyo ana magamba au hana? Marabi wa Kiyahudi walilijibu swali la aina hii kwa kusema kuwa gamba linalohesabika ni lile linaloweza kubanduliwa bila kuchana ngozi, na kwa kipimo hicho kamongo anabaki nje. Jibu hilo ni zuri, lakini halimo katika Walawi. Limetoka kwa wasomi waliokaa na andiko vizazi kwa vizazi. Msabato anayesema kwamba anafuata Biblia peke yake, bila mapokeo ya mtu, inampasa akubali kuwa anapomkataa kamongo tayari ameshafasiri. Silisemi hili ili kumvunja moyo. Nalisema kwa sababu anayekiri kwamba anafasiri huwa mpole kwa aliyefasiri vingine.

Upande wa Wakristo wanaokula kila kitu, ambao mimi ni mmoja wao, tuna maandiko yetu: maneno ya Yesu katika Marko 7, maono ya Petro katika Matendo 10, na Paulo katika Warumi 14. Msabato hujibu kwamba Petro mwenyewe aliyafafanua maono yale kuwa yanahusu watu wa mataifa, na jibu lake lina uzito. Sisi tunapaswa kusumbuliwa zaidi na Matendo 15, ambako mitume waliwaagiza waamini wa mataifa wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, damu na vilivyosongolewa. Agizo hilo halikutolewa kwa Waisraeli, bali kwa watu kama sisi. Mtaguso wa Florence, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1442, ulifundisha kuwa agizo lile lilifaa wakati Wayahudi na watu wa mataifa walipokuwa wakijifunza kuishi katika Kanisa moja, na kwamba sababu yake ilipokwisha, nalo likakoma. Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia linaendelea kukataza nguruwe, na Mashahidi wa Yehova wameliongeza katazo la damu hadi kukataa kuongezewa damu hospitalini. Nakubaliana na Florence, lakini naona Wakristo wengi wanaowashangaa Wasabato hawajawahi kujiuliza kwa mamlaka gani wao wenyewe wameliacha agizo la mitume.

Jambo hili halibaki mezani kwa mtu mmoja. Mwezi Februari 2013, mgogoro juu ya nani achinje nyama ya kuuzwa ulifikia umwagaji damu huko Buseresere mkoani Geita, na mchungaji mmoja akauawa. Serikali ilisimamia desturi iliyokuwapo, kwamba nyama ya umma ichinjwe na Waislamu. Wakristo waliopinga walikuwa na hoja: nchi isiyo na dini haiwezi kumlazimisha Mkristo kula nyama iliyosomewa dua ya imani nyingine. Waislamu nao walikuwa na hoja: Mkristo akila nyama iliyochinjwa na Mwislamu havunji amri yoyote ya dini yake, ila Mwislamu akila asichokijua kilivyochinjwa anaingia katika shaka. Ni kweli kwamba Aya ya 5 ya Sura ya Tano inahalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, na wanazuoni wengi wa Kisuni huikubali nyama yao kwa masharti. Lakini mnunuzi wa buchani hana njia ya kuyathibitisha masharti hayo.

Kwangu mimi, Paulo aliyesema kuwa hatakula nyama kamwe kama inamkwaza ndugu yake anatosha kutufanya tumwachie Mwislamu kisu. Familia nyingi za Kikristo hufanya hivyo kila penye harusi au msiba: humwita jirani Mwislamu achinje, ili wageni wote wale chungu kimoja, na hakuna aliyewaamuru. Upole huo ukigeuzwa kuwa amri ya dola, unaharibika. Mkristo anayetaka kuchinja mwenyewe na kufungua bucha yake aruhusiwe, mradi aandike wazi mlangoni nyama imechinjwa na nani.

Wajibu huo wa kusema wazi unawahusu zaidi wanaopika. Mama lishe anayekaanga kitimoto na sato katika mafuta yaleyale, kisha akamwuzia sato huyo Mwislamu au Msabato bila kumwambia, amemnyang'anya uwezo wa kumtii Mungu wake kwa pesa yake mwenyewe. Huhitaji kuamini kwamba nguruwe ni najisi ili kuona ubaya wa jambo hilo. Inatosha kujua kwamba mteja wako anaamini hivyo, na kwamba angejua, asingekula.