Ile asilimia 4 ya Njomo bado naitetea

Agosti 24, 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini mswada ambao serikali yake haikuuandika, Hazina ya Kitaifa haikuutaka na Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imeupinga hadharani. Aliyeudhamini ni Jude Njomo, mbunge wa Kiambu Mjini. Ulikuwa mswada wa mbunge binafsi, na kwa mkopaji wa kawaida ulisema mambo mawili tu. Benki isitoze riba inayopita kiwango cha riba kinachotangazwa na Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4, yaani kiwango kikiwa 10, riba iishie 14. Na aliyeweka akiba kwenye akaunti yenye riba alipwe angalau asilimia 70 ya kiwango hicho hicho.

Miaka mitatu baadaye sheria hiyo ilifutwa. Siku hizi ikitajwa, wachumi wa runingani huitaja kama kosa ambalo nchi ililifanya ikajifunza. Sikubaliani nao.

Njomo hakuwa wa kwanza kujaribu. Serikali iliacha kupanga riba mwaka 1991, na katika muongo huo mikopo ilifika asilimia 30 na kuzidi. Watu walipoteza mashamba na nyumba kwenye minada. Ndipo Joe Donde, mbunge wa Gem, akaleta mswada wake, Bunge likaupitisha mwaka 2000: riba isizidi ile ambayo serikali hulipa inapokopa kwa hati za Hazina za siku 91 kwa zaidi ya asilimia 4. Rais Moi aliutia saini Agosti 2001, lakini sheria yenyewe ikahesabiwa kuwa imeanza Januari 1 ya mwaka huo, miezi saba nyuma. Benki zikaenda mahakamani, na mapema mwaka 2002 Mahakama Kuu ikaiangusha, sababu kubwa ikiwa hiyo tarehe ya kurudi nyuma.

Muongo mmoja ukapita, akaja mbunge mwingine wa Gem, Jakoyo Midiwo. Mwaka 2011 shilingi ilikuwa imeporomoka hadi dola moja ikapita shilingi 100, na kufikia Desemba Benki Kuu ilikuwa imepandisha kiwango chake hadi asilimia 18. Midiwo alitaka kikomo kiingizwe kupitia Mswada wa Fedha, asilimia 4 ile ile. Hakufua dafu. Benki ziliahidi kujirekebisha zenyewe, na ahadi hiyo ikatosha kuwatuliza wabunge.

Kipindi hicho ndicho kilichonifanya nianze kufuatilia mambo haya. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye duka la hadwea, aliniletea barua ya benki nimsomee kwa sauti kwa sababu maandishi yalikuwa madogo. Ilikuwa nusu ukurasa. Ilimwambia kwamba kutokana na hali ya soko riba ya mkopo wake imepanda kutoka asilimia 16 hadi 24, kwamba malipo yake ya kila mwezi hayatabadilika, na kwamba muda wa kulipa umeongezwa ipasavyo. Mzee alifurahi aliposikia malipo hayabadiliki. Ilibidi nimwonyeshe sentensi ya mwisho mara ya pili. Pesa aliyokuwa akipeleka kila mwezi sasa ilimezwa karibu yote na riba, na ule mtaji aliokopa ukabaki pale pale. Alichouliza ni kimoja: "Hii asilimia nane wameitoa wapi?" Tulikwenda naye benki. Afisa wa mikopo, kijana mwenye adabu zake, alijibu kwamba imetoka makao makuu.

Kwangu mimi thamani ya sheria ya Njomo iko hapo. Ilimpa mzee kama yule namba ambayo angeweza kuifuata mwenyewe hadi chanzo chake. Benki Kuu hutangaza kiwango chake waziwazi, redio inakitaja, gazeti linakiandika. Unaongeza 4, basi. Ukiandikiwa barua yenye namba kubwa kuliko hiyo, unajua umevunjiwa sheria. Na sheria ilikuwa na meno: faini isiyopungua shilingi milioni moja, na isipolipwa, mkurugenzi mkuu wa benki afungwe jela mwaka mmoja au zaidi.

Tupige hesabu kidogo, maana riba ikitajwa kwa asilimia tu inaonekana ndogo. Chukua mkopo wa shilingi 300,000 wa miaka mitatu, riba ikihesabiwa juu ya salio. Kwa asilimia 14 unalipa takriban shilingi 10,250 kwa mwezi. Kwa 18, ambayo ndiyo ilikuwa karibu na wastani kabla ya sheria, unalipa kama 10,850. Kwa 24, kama ile ya jirani yetu, unalipa karibu 11,770. Kati ya ile ya kwanza na ya mwisho kuna tofauti ya zaidi ya shilingi 54,000 kufikia mwisho wa mkopo. Kwa mwenye kibanda, hiyo ni karo ya mtoto wa sekondari mwaka mzima.

Sasa niseme lile ambalo wapinzani wa sheria hii wanalisema kwa haki. Mikopo ilidumaa. Mwaka 2017 ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ulishuka hadi takriban asilimia 2, na waliofungiwa mlango kwanza walikuwa wafanyabiashara wadogo. Benki ikiweza kuikopesha serikali kwa asilimia 10 hadi 13 bila hofu ya kutolipwa, haina haja ya kumhangaikia muuza mabati kwa asilimia 14. Ni kweli, na anayeitetea sheria hii akilikwepa jambo hili hastahili kusikilizwa.

Lakini tuisimulie yote. Ukuaji wa mikopo ulianza kupungua mwaka 2015, kabla mswada haujawa sheria. Dubai Bank ilifungwa Agosti mwaka huo, Imperial Bank ikafuata Oktoba, na Chase Bank ikawekwa chini ya usimamizi Aprili 2016. Benki tatu ndani ya mwaka mmoja. Wenye pesa walihamia benki kubwa, na benki ndogo, ambazo ndizo zilizozoea kumkopesha mtu wa chini, zikakaukiwa. Kikomo cha riba kilikuta mgonjwa tayari kitandani. Na ule mvuto wa kuikopesha serikali ulitoka kwenye nakisi ya bajeti, ambayo Njomo hakuiandika.

Kuna waliokimbilia mikopo ya simu. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukiizidisha kwa miezi 12 unapata 90. Ilihesabiwa kuwa ada, kwa hiyo kikomo hakikuigusa. Baadaye zikaja programu nyingine za mikopo ambazo hazikuwa hata chini ya Benki Kuu hadi sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa 2021. Wengi husema hii inaonyesha kikomo kilishindwa. Mimi naona inaonyesha kikomo kilikuwa na pengo, na pengo huzibwa. Sheria ingeandika kwamba kinachohesabiwa ni gharama yote ya mkopo, iitwe riba, ada au jina lolote lile, habari ingekuwa nyingine.

Uandishi wa sheria yenyewe ulikuwa na kasoro. Ilitaja kiwango cha msingi kinachowekwa na kutangazwa na Benki Kuu, ilhali kile ambacho Benki Kuu hutangaza kina jina jingine, na wataalamu walibishana kama ni kitu kimoja. Haikueleza vizuri ni mikopo ya aina gani inayoguswa. Machi 2019 Mahakama Kuu ilikiona kifungu cha kikomo kuwa na utata unaokiuka Katiba, lakini ikafanya jambo la busara: ikakiacha kiendelee kwa miezi 12 ili Bunge likirekebishe. Majaji hawakusema wazo ni baya. Walisema liandikwe vizuri.

Muda ulikuwepo wa kuliandika vizuri, na hapa ndipo ninapokasirika. Mwaka 2018 Hazina ilikuwa imejaribu kuondoa kikomo, wabunge wakakataa, ingawa waliachia ile sehemu ya kumlinda mwenye akiba ifutwe. Mwaka 2019 Hazina ikajaribu tena kupitia Mswada wa Fedha, wabunge wakakataa tena. Oktoba, Rais yule yule aliyetia saini mwaka 2016 akaurudisha mswada Bungeni akitaka kikomo kifutwe. Katiba, kifungu cha 115, inasema Bunge likitaka kumpinga Rais katika hali hiyo linahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Kwa Bunge la Kitaifa lenye wabunge 349, hiyo ni kura 233.

Novemba 5, 2019, wabunge waliokuwa ndani ya ukumbi walikuwa 161. Hata wote wangesimama na Njomo, hawangetosha. Kwa hiyo pendekezo la Rais likapita, siku mbili baadaye Sheria ya Fedha ikatiwa saini, na jitihada iliyoanza na Donde ikaishia kwenye kifungu kimoja ndani ya sheria ya kodi. Wabunge ambao wiki chache kabla walikuwa wamepaza sauti kuwatetea wakopaji hawakuhitaji kupiga kura ya kuwasaliti. Iliwatosha kutofika.

Linganisha na mswada mwingine wa mbunge binafsi. Sheria ya kwanza ya CDF, yaani Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, ya mwaka 2003, ilitokana na juhudi za Muriuki Karue, mbunge wa Ol Kalou. Ilitenga angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali kwa ajili ya maeneobunge. Mahakama Kuu ilitangaza mwaka 2015 kwamba toleo lake la 2013 linakiuka Katiba, Mahakama ya Juu ikasema hivyo hivyo mwaka 2022, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ikaliangusha hata toleo la 2015. Kila mara wabunge walijipanga upya. Mwezi Julai 2025 walipitisha mswada wa kubadilisha Katiba yenyewe ili hazina hiyo ilindwe humo, nao pia ulidhaminiwa na wabunge wawili: Otiende Amollo wa Rarieda na Samuel Chepkonga wa Ainabkoi. Siku hiyo theluthi mbili haikuwa taabu kupatikana. Zaidi ya wabunge 290 walipiga kura ya ndiyo.

Sisemi CDF haina faida. Nimeona madarasa na barabara zake. Ninachosema ni kwamba kura 233 zinapatikana wabunge wakizitaka. Mswada wa serikali una wizara nzima nyuma yake, mawakili wake, na kiranja wa kuwahesabu watu. Mswada wa mbunge binafsi una mwenye mswada na wale anaoweza kuwashawishi. Ukimfaidi kila mbunge, utalindwa milele. Ukimfaidi mwananchi huku ukiwagusa wenye benki, unategemea nani ameamka siku hiyo akaenda kazini.

Na tatizo halikuondoka. Mapema mwaka 2024 Benki Kuu ilikuwa imefikisha kiwango chake asilimia 13, na mwaka huo wastani wa riba za mikopo ukafika karibu 17. Kuanzia Agosti 2024 kiwango kikaanza kushushwa mara kwa mara, lakini benki zilizokuwa nyepesi kupandisha zikawa nzito kushusha, mpaka Gavana Kamau Thugge akalazimika kuzikaripia. Mwaka 2025 Benki Kuu ilileta utaratibu mpya: mikopo ya riba inayobadilika ifungwe kwenye KESONIA, wastani wa riba ambayo benki hutozana zenyewe kwa mkopo wa usiku mmoja, halafu juu yake benki iongeze kiasi chake kinachoitwa K. Naupokea utaratibu huu kwa moyo mkunjufu, kwa sababu sasa mkopaji anaweza kuulizia kiasi kilichoongezwa. Lakini tazama: chanzo cha namba kimefungwa, nyongeza imeachwa wazi. Donde, Midiwo na Njomo walikuwa wakipigania hiyo nyongeza. Wao waliipa kikomo. K haina.

Kwa hiyo ningependa mbunge mmoja, wa chama chochote, aurudishe mswada huu ukiwa umeandikwa vizuri. Kikomo kiwe juu ya K. Mikopo midogo isiyo na dhamana ipewe nafasi pana zaidi, tuseme asilimia 8 au 10, ili benki zisiwe na kisingizio cha kuwafukuza wadogo. Ada zote zihesabiwe. Kikomo kipitiwe upya kila baada ya miaka mitatu, mbele ya kamati, takwimu zikiwa mezani. Tarehe ya kuanza iwe baada ya saini, tusirudie yaliyompata Donde.

Na mswada huo ukifika siku ya kura, tupate majina. Uchaguzi Mkuu ni Agosti 2027, na baadhi ya waliokuwa wabunge mwaka 2019 watarudi kwetu kuomba kura, wengine wakitaka ugavana au useneta. Akija kwenye mkutano wako na mlango wa maswali ukafunguliwa, muulize alikuwa wapi alasiri ya Novemba 5, 2019, na umpe muda ajibu.