Virunga: anza na mpaka, kilele kitafuata

Watu wengi wa kwetu wakisikia milima ya Virunga hufikiria gorila, kisha hufikiria dola 1,500, na mazungumzo yanaishia hapo. Inaniuma, maana bei hiyo si yetu. Ni ya kibali cha kuwaona gorila upande wa Rwanda kwa mgeni wa kutoka mbali, tangu 2017. Upande wa Uganda, kwa viwango vilivyoanza Julai 2024, mgeni huyo hulipa dola 800, na raia wa Afrika Mashariki shilingi 300,000 za Uganda. Kabla hujatoa hata senti, ulizia bei ya raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na uwe na pasipoti ya kuthibitisha. Mawakala wengi wa mitandaoni hawaisemi bei hiyo mpaka uulize.

Jambo la pili ni kwamba safu hii huwezi kuipanga kama Kilimanjaro, ambako unachagua njia na siku basi. Virunga ni volkano kubwa nane juu ya ardhi ya Kongo, Rwanda na Uganda. Karisimbi ndiyo ndefu kuliko zote, mita 4,507. Nyiragongo na Nyamulagira zingali hai. Milima ni safu moja lakini hifadhi ni tatu, kila moja na bei yake na sheria zake. Gorila wa familia ya Nyakagezi wamezoea kuvuka kutoka nchi hadi nchi watakavyo. Wewe huwezi. Kwa hiyo ninayemshauri humwambia aamue kwanza atavuka mpaka upi, na alale mji gani. Kilele kitafuata.

Mimi naupigia kura mji wa Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda. Hifadhi yake, Mgahinga, ni ndogo sana, lakini inakupa Muhabura, Gahinga na Sabyinyo. Sabyinyo ndiyo sababu yangu. Ina zaidi ya mita 3,600 na vilele vitatu, na kile cha tatu ndipo nchi zote tatu zinapokutana. Unaanza asubuhi getini Ntebeko, unapita mianzi, halafu unafika kwenye ngazi za miti zilizofungwa ubavuni mwa mlima. Si ngazi za mapambo. Zina utelezi, zimesimama wima, na kushoto na kulia kuna bonde. Nunua glavu ngumu za kazi, zile za mafundi ujenzi, maana baada ya mvua unapanda kwa mikono kuliko kwa miguu. Chukua mpagazi hata kama begi ni jepesi: atakushika mkono penye tope, na ujira wake unabaki kijijini chini ya mlima. Kama umelipia na gorila pia, anza na gorila. Siku inayofuata Sabyinyo magoti hayatakubali msitu mwingine.

Gorila wenyewe utakaa nao saa moja tu, watu wasiozidi wanane. Mwenye mafua hurudishwa, na ni haki kabisa. Magonjwa yetu yanawaua. Sensa iliyotangazwa 2018 ilihesabu 604 katika safu hii nzima.

Sasa saa. Hili watu hawaliwazi kabisa. Uganda iko mbele ya Rwanda kwa saa moja. Ukilala Musanze, mji wa Rwanda, ukitaka kuvuka mpaka wa Cyanika asubuhi kwenda Ntebeko, saa 12 ya kwako ni saa 1 kwao, na foleni ya kugonga pasipoti bado. Kundi likishaondoka halikusubiri. Lala upande ule ule wa mlima unaoupanda. Mwenye gari akumbuke pia kwamba Uganda huendesha kushoto na Rwanda kulia, na hapo Cyanika ndipo unapobadilisha. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, au Januari na Februari.

Nimeiacha Kongo mwisho kwa sababu ndiyo inayonigusa zaidi. Hifadhi ya Virunga ilianzishwa 1925, na askari wake zaidi ya 200 wameuawa wakiilinda. Goma, mji ulio chini ya Nyiragongo, ni mji wa Kiswahili: ungeagiza chakula, ungebishana bei na ungeuliza njia bila kubadili lugha. Lakini Bunagana, mji wa mpakani na Uganda, ilitekwa na waasi wa M23 Juni 2022, na Goma yenyewe Januari 2025. Huko kuna watu waliokimbia nyumba zao, na msafiri wa starehe hana nafasi yake kwa sasa. Wakala akikuahidi kwamba anaweza kukuvusha Bunagana asubuhi na kukurudisha jioni, kataa, na usimpe kazi nyingine yoyote ya safari yako.