Nani Huyo Ananiigiza?

Haya basi, ile sauti kwenye klipu mnayorushiana simuni, ya usiku wa taarabu Chake Chake, ni yangu mie, meneja wa ziara wa kundi. Fundi sauti wetu keshaipeleka mpaka kwenye kundi la kuchangia harusi ya binamu yangu, na kila anayeirusha anatia chumvi yake. Ati nilimtukana mgeni rasmi. Sikumtukana. Ati nilianguka chini ya meza. Niliinama, jamani, kuinama si kuanguka. Madhali aibu ni yangu, wacha niisimulie mwenyewe.

Shughuli yenyewe ya Chake Chake, kule Pemba, mnaijua. Wengine mlikuwepo, mmekaa viti vya mbele kabisa, na leo mnajifanya hamnijui. Kundi letu la taarabu limevuka usiku kutoka Unguja, limeshukia bandari ya Mkoani, vyombo vikapakiwa kwenye kenta hadi uwanjani. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda kama kilivyoandikwa.

Na kuandika ndiyo kazi yangu. Nyie mnaoniuliza kila siku meneja wa ziara anafanya nini zaidi ya kuning'iniza kitambulisho shingoni: anafanya advansi. Wiki kadhaa kabla unampigia mwenyeji unamuuliza mambo anayoyaona ya kipuuzi. Jukwaa upana gani, lina paa? Umeme wa jenereta au wa nguzo, na nani mwengine ataunga humo humo? Gari linafika nyuma ya jukwaa au spika zitapita mchangani vichwani mwa watu? Funguo anazo nani, na simu yake huwa inapokelewa? Akikujibu "usijali, kila kitu kipo", andika kwamba hakuna kitu, kisha mpigie tena.

Halafu unampelekea raida, yaani orodha ya mahitaji ya kundi, inayobandikwa kwenye mkataba na inayo pande mbili. Upande wa ufundi unataja spika, monita (zile spika za jukwaani za wapigaji kujisikia), maiki za aina gani na ngapi. Upande wa ukarimu unataja yanayowahusu binaadamu: chakula cha moto saa mbili kabla ya kupanda jukwaani, pahala pa kusali, chumba cha kubadilishia nguo chenye kitasa kinachofunga, chai ya tangawizi, na maji yasiyo baridi kwa waimbaji. Hayo maji niliyapigia mstari. Bibi yetu mwimbaji akinywa baridi anasema sauti inamfunga, na mie si daktari wa kubishana naye. Mwenyeji akaleta barafu. Mapande na mapande ya barafu. Hiyo barafu ishikeni, tutairudia.

Kuna stejiploti pia, yaani mchoro wa jukwaa kama unaliangalia kutoka juu: nani anakaa wapi, monita ipi iko kwa nani, umeme unahitajika pembe ipi. Kushoto kwa jukwaa ni kushoto kwa mpigaji anayewatazama watu. Si kushoto kwako wewe uliyekaa kitini unakula njugu. Ukivichanganya, mzee wa fidla atakuwa anasikilizishwa dumbaki usiku kucha, na fidla yenyewe haisikii. Mie kwenye mchoro wangu huongeza kitu ambacho sijakiona kwenye raida za Ulaya: njia ya kutunza, yaani ya wanaopanda kumtuza mwimbaji kwa noti. Ngazi pana upande mmoja, na kama mita moja na nusu mbele ya mwimbaji pasipo waya wala monita. Akinamama watapanda na mabuibui na visigino, noti zimeshikwa juu, macho kwa mwimbaji. Hakuna anayetazama chini. Ukiacha waya pale, utaokota mtu.

Orodha ya inputi ndiyo inayomwambia fundi chaneli ipi ni ya nini. Dumbaki na rika, yaani ngoma na tari, besi kupitia boksi la DI, kile kiunganishi kinachopeleka sauti yake bila maiki, udi, fidla. Akodiani inakula chaneli mbili, kwa sababu upande wa vitufe vya kulia na upande wa besi zinatoka sauti mbalimbali, na mpigaji anavyoivuta ule wa besi haukai pahala pamoja. Kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kimelazwa, tunaiwekea maiki ya kondensa, inayotaka volti 48 kutoka kwenye mikisa, ile meza ya fundi ya kuchanganyia sauti. Ukisahau kuziwasha, kanuni iko kimya na watu wanamlaumu mpigaji. Ukizidisha sauti yake kwenye monita, inapiga mluzi.

Mchana tukafanya saundicheki, ambayo ni kupima uwiano wa kundi zima likipiga. Usiku, baada ya vijana wa msewe kumaliza ngoma yao, tukawa na chenjiova, yaani kupokezana jukwaa, ya dakika 20, na hapo haifanywi saundicheki tena, inafanywa lainicheki: kila chombo kinagongwa kidogo kuona kama sauti inafika kwenye chaneli yake, basi. Fundi alikuwa amevaa hedifoni, ameinamia chaneli ya kanuni kuna ngurumo anaitafuta. Chaneli zote za jukwaa amezifunga kwa kitufe kimoja. Muziki wa kujazia ameuzima, kwa sababu mshereheshaji alikuwa anapanda. Uwanja mzima kimya. Mshereheshaji maiki haioni.

Na mie hapo hapo kwenye mikisa, katikati ya watu, mita kama 30 kutoka jukwaani, nimekaa na mweka hazina wetu na faili la setlementi.

Setlementi ni kukaa na mwenyeji na risiti kugawana mapato. Hufungwa baada ya onyesho, ila dirisha la tiketi likishafungwa hesabu unaweza kuzianza. Mkataba wetu ulikuwa dhamana, yaani malipo yasiyoshuka hapo, ya shilingi 3,000,000 au asilimia 70 ya baki, ipi iliyo kubwa. Tiketi 600 kwa elfu kumi kumi, milioni sita. Gharama walizokubaliana pande zote, yaani jukwaa, mafuta ya jenereta, ulinzi na vibali, mwenyeji kaandika 1,400,000. Baki 4,600,000, asilimia 70 yake ni 3,220,000, inapita dhamana. Alhamdulillahi. Nikafungua ukurasa wa gharama nihakiki. Barafu, 40,000.

Nikalibwaga faili juu ya mikisa.

Sasa hapa nendeni polepole na mie. Kwenye mikisa pana tokbeki, maiki ndogo ya fundi kusema na wapigaji kupitia monita zao, watazamaji wasisikie. Mchana, fundi alimpeleka kijana kule nyuma kupanga spika za dilei, zile zinazowekwa katikati ya uwanja kwa ajili ya waliokaa mbali. Sauti inakwenda kiasi cha mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 30 mbele ya jukwaa huicheleweshi chini ya milisekunde 87 au hivi, ili iseme pamoja na sauti inayofika kutoka mbele. Ili asemezane na kijana, fundi akaielekeza tokbeki kwenye spika kubwa zote. Akakitia kitufe chake kwenye mtindo wa kubofya mara moja kikabaki, badala ya ule wa kushikilia na kuachia. Kijana akarudi. Tokbeki haikurudishwa.

Na pembe ya faili langu ikatua juu ya kitufe kile.

"Barafu!" nikamwambia mweka hazina. "Nimeandika maji yasiyo baridi, huyu mtu kanunua barafu kama tunavua samaki, na pesa anatukata sisi!"

Nikahisi kuna mtu anasema na mie. Si mwangwi, mwangwi unakuja ukishamaliza. Hii ilikuwa nyuma ya neno langu palepale, neno halijaisha na mwengine keshalishika mkia. Nikatazama nyuma. Watu wananitazama. Nikadhani wameipenda kanzu.

Nikaendelea. "Posho ya elfu 15 kwa siku usiichanganye na malipo, ile ni ya kula tu. Kwenye malipo, bibi laki nne. Mzee wa fidla laki mbili na nusu, na hapo sikulipi kupiga, nakulipa usinune."

Kule jukwaani mzee wa fidla akateremsha upinde.

"Kanuni laki na ishirini. Yeye hajui kudai. Mwache hivyo hivyo."

Mpiga kanuni alikuwa anafunga nyuzi kwa ufunguo. Mkono ukasimama juu ya chombo. Nilimwona, na wallahi nilidhani amepata ile ngurumo.

Sauti ile ikaendelea kunifuata, na ulimi ukaanza kuvuta. Haya mambo yana sababu yake: sikio likiletewa maneno yako yamechelewa kidogo, ubongo unasubiri, mdomo unakokota, unarudia silabi. Mie silijui hilo wakati ule. Nilijua tu kwamba nasema "la-laki na i-ishirini" kama mtoto wa chuo aliyesahau sura, na kuna mshenzi pembeni anakokota vilevile. Damu ikanipanda. Nikasimama, nikajisawazisha kanzu, nikapaza sauti:

"Nani huyo ananiigiza?"

Spika zote za uwanja, za mbele na za dilei, zikauliza: nani huyo ananiigiza.

Kimya kidogo. Kisha kutoka viti vya akinamama, sauti moja ya Kipemba, tulivu kabisa:

"N'weye mwenyewe!"

Hapo ndipo nilipoinama. Na nilivyokuwa chini nikamwona fundi, hedifoni ziko shingoni sasa, anaitazama ile taa nyekundu ya tokbeki. Anaitazama. Mkono wake umeshika simu, si kitufe. Keshanirekodi. Ndiyo hiyo klipu yenu.

Mengine yalikwenda mbio. Mweka hazina akaliondoa faili. Bibi alipanda akiwa amevimba, kwa sababu laki nne yeye alikuwa amewaambia watu ni laki nane. Hata beti ya kwanza haijaanza, akinamama wakapanda kutunza, na wote wakampita bibi wakenda kwa mpiga kanuni. Wamemtilia noti mpaka kwenye daraja la nyuzi, ikabidi asimamishwe kupiga zifagiliwe. Njia yangu ya mita moja na nusu ilifanya kazi vizuri, ila hakuna aliyeisifu. Mzee wa fidla alinuna usiku mzima, na kwa mara ya kwanza alipiga vizuri kuliko siku zote.

Setlementi ilifungwa saa saba usiku. Mwenyeji akataka tunzo ziingie kwenye mapato ya jumla. Nikamwambia tunzo ni za aliyetunzwa, hazikuwahi kuingia kwenye tiketi. Barafu ikafutwa, gharama zikashuka hadi 1,360,000, na sisi tukapanda hadi 3,248,000. Mpiga kanuni nikampandishia malipo pale pale, akazipokea bila neno, akazitia pamoja na fungu la tunzo ambalo lilikuwa limeshayapita malipo ya bibi.

Asubuhi Mkoani, tunapakia, akaniita pembeni.

"Meneja, hili la kutaja malipo yangu kwenye spika, safari ijayo litie kwenye raida."