Nani yuko juu ya banio? Mchambuzi wa biashara na wadau wasioitwa kikaoni

Kusini mwa mji wa Moshi, kule chini ambako migomba inapungua na joto linaanza, yapo mashamba ya mpunga ya skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi. Skimu ilikamilika mwaka 1987 kwa ufadhili wa Japani, ikiwa na hekta zipatazo 2,300, kati yake kama 1,100 za mpunga, na maji yake yanatoka mito ya Njoro na Rau. Kwa upande wa ufundi kazi ilikuwa nzuri: mabanio ya zege, yaani vizuizi vya mtoni vinavyoelekeza maji kwenye mifereji, mashamba yaliyosawazishwa, mbegu mpya na mavuno makubwa. Kilichofuata ndicho ninachotaka wachambuzi wa biashara wakitafakari. Wakulima wa juu ya mabanio, walio nje ya mpaka wa mradi, waliona mpunga wa jirani unavyolipa, nao wakalima mpunga. Maji wakayachukua kabla hayajafika kwenye skimu. Chini yakapungua, na sehemu ya yale mashamba yaliyogharimiwa ikakosa maji ya kutosha.

Jiulize: kwenye orodha ya wadau ya mradi kama huo, mtu wa juu ya banio angeandikwa wapi? Hana cheo mradini, hakopeshwi, hatii saini mahali popote. Lakini ndiye aliyeshika maji.

Mchambuzi wa biashara, yule anayesimama kati ya wenye kazi yao na watengenezaji wa mfumo wa kompyuta, analipwa hasa kwa ajili ya swali hilo. Wengi ninaowafahamu hapa Moshi na Arusha hawana hata cheo hicho. Ni maofisa tehama, wahasibu au waratibu wa miradi waliopewa jukumu la kukusanya mahitaji. Chombo wanachofundishwa mapema ni jedwali la miraba minne linalonasibishwa na Aubrey Mendelow, ambalo humpanga kila mdau kwa nguvu aliyonayo na kwa kiasi mradi unavyomgusa. Mwenye nguvu na maslahi makubwa mshike karibu. Asiye na hiki wala kile mwangalie tu kwa mbali. Ni chombo kizuri kwa mtu mwenye muda mfupi. Kasoro yake ni kwamba hupima nguvu ya siku ile unayolijaza. Wakulima wa juu ya mabanio wangekaa kwenye mraba wa kuangaliwa kwa mbali hadi siku mpunga ulipoanza kulipa.

Nani basi aitwe kikaoni? Hapo ndipo wenye fani wanapogawanyika. Wapo wanaosema waite wote, maana asiyeshirikishwa atakuja kuukwamisha mradi. Na wapo wanaosema waite wachache wenye mamlaka ya kuamua, wengine wataelimishwa mfumo ukiwa tayari. Nimefanya kazi kwa njia zote mbili, na sioni haki kumbeza yeyote kati yao.

Nianze na hoja ya wachache, kwa sababu huwa tunaipuuza haraka mno. Kikao kikubwa cha wadau kina gharama ambayo bajeti haiioneshi yote. Kuna ukumbi, chakula, nauli na posho. Posho peke yake huamua nani anakuja: mara nyingi anakuja mkubwa wa ofisi badala ya anayefanya kazi yenyewe. Watu hamsini wakiombwa maoni watatoa maoni, na kila oni lililoandikwa kwenye bango linageuka ahadi machoni pa mwenye kulitoa. Miezi sita baadaye mfumo unatoka na robo ya yale yaliyoandikwa, na wale wengine wanajiona wamedanganywa. Kuna jambo zito zaidi. Ukimkaribisha kila mtu kubuni mfumo wa kudhibiti mizani ya kupimia mazao, umemkaribisha pia yule anayenufaika na mizani isiyodhibitiwa. Atakuja, atazungumza vizuri, na ataomba kibonyezo cha kurekebisha uzito baada ya stakabadhi kutoka.

Hoja ya upande wa pili niliielewa vizuri siku nilipokaa kwenye mizani yenyewe. Tulikuwa tukichambua mahitaji ya mfumo wa kupokea kahawa katika chama kimoja cha msingi cha ushirika, huku mteremkoni Kilimanjaro. Kikao na viongozi kilikwenda sawa kabisa. Tukatoka na kanuni iliyosomeka vizuri: mwanachama mmoja, namba moja, simu moja, na malipo yaende kwenye simu hiyo. Mwenyekiti alikubali, katibu akakubali, nami nikaichora.

Siku iliyofuata niliomba kukaa na karani wakati wa kupokea kahawa ya maganda. Sikumuuliza anataka nini. Nilimwomba anioneshe alichofanya jana, stakabadhi moja baada ya nyingine. Kwenye ya nne akasita. "Mwanangu, huyu ni marehemu. Kahawa analeta mjane wake." Tukaendelea. Nyingine ilikuwa ya baba aliye hai anayeishi Dar es Salaam, kihamba, yaani shamba la familia, kinatunzwa na mkwewe. Nyingine ya ndugu wawili wanaotumia namba ya marehemu baba yao, kila mmoja analeta debe zake, na karani anazitenganisha kwa alama ndogo pembeni ya daftari. Alama ile haikuwa kwenye fomu yoyote. Ndiyo iliyokuwa inazuia ugomvi wa familia, na mfumo wangu ulikuwa unakwenda kuifuta.

Kwa nini viongozi hawakuitaja? Si kwamba hawakuijua. Kuisema kikaoni, mbele ya mgeni anayeandika, ni kukiri kwamba rejesta ya wanachama haiendi na ukweli. Huku kwetu kahawa imehesabiwa kwa miaka mingi kuwa zao la baba, ndizi na maziwa vikawa vya mama. Mjane anayepokea fedha ya kahawa kwa namba ya mumewe ana hofu yake halali kwamba mashemeji wakisikia, jambo litaanza upya. Hakuna jedwali la miraba minne lingenipa habari hiyo. Wala mkutano wa watu hamsini usingenipa. Mama yule asingesimama kuyasema hayo mbele ya kaka wa marehemu.

Kwa hiyo naona pande zote mbili zinabishana kuhusu kikao, ilhali mengi ya maana hupatikana nje ya kikao. Kusikiliza na kuamua ni kazi mbili. Kusikiliza kunahitaji upana, na kunafanyika pale mtu anapofanyia kazi, mmoja mmoja, kwa lugha yake. Kuamua kunahitaji wachache, wenye mamlaka ya kujibu baadaye. Tukizichanganya, tunapata vikao vikubwa visivyoamua na vikao vidogo visivyojua. Kwa yule mnufaika wa mizani jibu ni hilohilo: nitakwenda kumsikiliza, kwa sababu anajua tundu zote za mfumo wa zamani kuliko mimi, lakini kalamu ya kuamua sitampa.

Upana nao una mpaka, vinginevyo mchambuzi atatembea vijiji vyote. Mpaka ninaoutumia nimeuazima kwenye mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachaga inayoendeshwa kwa zamu: fuata kinachotiririka. Kama ni fedha, anza kwa mnunuzi ushuke hadi mkononi mwa mkulima. Kama ni taarifa, anza pale inapoandikwa mara ya kwanza. Kila anayeweza kuchepusha, kuchelewesha au kusimamisha mtiririko huo ni mdau, awe na cheo au asiwe nacho. Kwenye mfumo wa kahawa njia hiyo ilitupeleka kwa watu tusiowafikiria, akiwemo wakala wa fedha za simu pale kituoni, ambaye siku ya malipo huishiwa fedha taslimu kabla ya adhuhuri.

Lipo pia suala la kumbukumbu, na vijana wa fani hii hawalipi uzito unaostahili. Ushirika wa kahawa Kilimanjaro una historia ndefu: chama cha wakulima wa kahawa cha mwaka 1925, kisha KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933. Vyama vya ushirika vikavunjwa na serikali mwaka 1976, na sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha. Mzee aliyeyapitia hayo akisikia "mfumo mpya" anauliza kwanza nani atashika daftari. Mchambuzi akiandika kwenye ripoti kwamba huyu "anapinga mabadiliko", amekosea. Mzee ametoa hitaji la msingi kabisa: anataka nakala yake ya stakabadhi, ya karatasi, isiyotegemea seva ya mtu.

Deni la mwisho la mchambuzi kwa aliowasikiliza ni kurudi. Ripoti nyingi zina ukurasa wa mahitaji yaliyokubaliwa. Ni chache zenye ukurasa wa yaliyokataliwa, pamoja na sababu na jina la ofisi iliyoyakataa. Karani aliyeambiwa waziwazi kwa nini ombi lake halikupita atavumilia. Aliyenyamaziwa atarudi kwenye daftari lake, na mfumo utakufa bila mtu kuupinga hadharani.

Sisi tulirudi. Tuliongeza sehemu ya mpokeaji aliyeidhinishwa chini ya namba ya mwanachama, bodi ikakubali kuipitisha, na majina ya wajane yakashughulikiwa faragha, familia moja moja. Ilitula wiki tatu. Meneja wa mradi alikasirika, na alikuwa na haki, maana Julai ilitukuta bado tunafanya majaribio huku kahawa imeshaanza kushuka kutoka mashambani. Wiki zile tatu ningezitumia tena bila kusita, ila ningezitumia mwezi Februari.